Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Kituo cha Nishati Safi: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Arusha na Moshi

Ziara ya masomo ya nishati hufanikiwa au huharibika kabla basi halijawashwa. Wanafunzi wakifika kituoni hawana kitu mkononi, watatazama paneli za sola, watapiga picha ya pamoja, watakula wali na soda, watarudi. Wakifika na namba zao wenyewe, yaani kilo za kuni zinazoteketea kwenye jiko la shule yao na uniti za LUKU zinazoisha kila wiki, watauliza maswali yasiyokuwemo kitabuni, na mtaalamu atakayewapokea itambidi akae nao chini wakokotoe pamoja. Hiyo ya pili ndiyo ziara ninayomtakia kila mwalimu wa Arusha na Moshi, kwa sababu mikoa yetu hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, ina mengi ya kuonyesha, na mengi yako umbali wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Ninaposema kituo cha nishati safi nina maana ya mahali ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kushika. Anakanyaga pedali za baiskeli inayofua umeme, anageuza paneli kulifuata jua, anafungulia maji yazungushe gurudumu, anawasha jiko la bayogesi kwa mkono wake. Mahesabu ya humu nimeyapanga kwa wanafunzi 40 wa kidato cha pili au cha tatu, maana fizikia ya kidato cha pili ndiyo imekuwa ikibeba mada ya vyanzo endelevu vya nishati. Mwalimu wa shule ya msingi apunguze hesabu, mengine ayaache yalivyo.

Wiki tatu kabla ya kuandika barua: jikoni, kwenye mita na nje ya darasa

Gawa darasa makundi matatu.

Kundi la kwanza liende jikoni. Azima mzani wa kuning'iniza, ule wanaopimia magunia sokoni. Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, wanafunzi wapime kuni zilizotengwa kwa siku hiyo. Jioni wapime zilizobaki. Wafanye hivyo siku tano za shule mfululizo, na waandike kilichopikwa (uji, makande, ugali na maharage) pamoja na idadi ya waliokula. Halafu wakae na mama mpishi. Waende na shikamoo, wasikilize zaidi ya kuuliza: anaamka saa ngapi kuwasha moto, moshi unamfanya nini macho na kifua, mvua zikinyesha kuni mbichi anazifanyaje. Huyu ndiye mtaalamu wa nishati wa kwanza watakayemhoji, na majibu yake yana thamani kuliko mabango mengi watakayoyaona baadaye.

Sasa wafundishe kuzigeuza kilo hizo kuwa nishati. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban megajuli 16. Moto wa mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu hivi. Nyingine yote inapasha hewa na kuta. Chukua shule inayochoma kilo 50 kwa siku: imechoma megajuli 800, lakini kilichoingia kwenye chakula ni kama 120. Uniti moja ya LUKU, yaani kilowati moja kwa saa moja, ni megajuli 3.6, kwa hiyo hizo 120 ni sawa na uniti 33. Mwanafunzi akishaiona hesabu hii imeandikwa kwa kuni za shule yake, habari ya majiko banifu, yale yanayotumia kuni kidogo, haitampita tena sikioni.

Kundi la pili lihamie kwenye mita. Wasome uniti zilizobaki saa ileile kila siku, waandike na siku ambazo umeme ulinunuliwa. Wahesabu taa, kompyuta, mashine ya kudurufu na pasi ya bwenini, wasome wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, wakisie kinatumika saa ngapi. Jumla yao haitalingana na mita. Usiwasahihishie, iwe ni swali la kwenda nalo.

Kundi la tatu lichunguze shule ina nini. Paa linaloelekea kaskazini lina ukubwa gani, na mti gani unalitia kivuli saa nne? Kuna ng'ombe wangapi, wa shule au wa majirani, wanaofugwa ndani? Shule za miteremkoni, Kibosho, Machame, Marangu, Old Moshi, zina hazina nyingine ambayo kwa kawaida haipimwi: mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, unaopita mpakani mwa uwanja. Wapime upana na kina cha maji kwa rula, wadondoshe kipande cha mti, wapime kwa saa sekunde kinazotumia kwenda mita 10. Mfongo wenye upana wa sentimita 50, kina cha sentimita 20, na mti uliotumia sekunde 20 kufika, unapitisha karibu lita 50 kwa sekunde. Maji ya chini na ya pembeni huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo punguza theluthi moja hivi, ubaki na lita 30 na kitu. Wazee wa mfongo waombwe ruhusa kwanza, maana mfereji una wenyewe na una zamu zake.

Mwisho wa wiki ya pili kila kundi liandike maswali mawili, yasizidi. Swali zuri lina namba ndani yake. "Nishati ya jua ina faida gani?" ni la kupita. "Tunatumia uniti nne kwa siku na paa letu lina kivuli mpaka saa nne, paneli ngapi zinatutosha?" ni swali ambalo mtu atasafiri kilomita 60 kulitafutia jibu.

Uende wapi

Usitafute kituo kikubwa kuliko vyote. Tafuta kitakachojibu swali la wanafunzi wako.

Kama swali lao ni la kuni na ng'ombe, andikia CAMARTEC, Arusha. Hiki ni Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1981, na tangu miaka ya 1980 kimekuwa kikibuni na kuboresha mitambo ya bayogesi ya kuba inayojengwa ardhini kwa matofali na saruji. Muundo wake ulivuka hata mipaka ya nchi, ukaigwa na kurekebishwa na mafundi wa Kenya. Mwaka 2009 mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulipoanza, CAMARTEC ndiyo iliyoubeba.

Kama swali ni la maji au sola, fikiria Kikuletwa, wilaya ya Hai. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu huko, kwenye eneo lenye mtambo wa zamani wa kufua umeme wa maji. Kituo hicho ni kimojawapo cha vinne vya Tanzania vilivyoingizwa kwenye mradi wa EASTRIP, wa kuimarisha vyuo vya ufundi Afrika Mashariki, uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Njia ni Boma Ng'ombe, kisha unaacha lami na kushika barabara ya udongo kuelekea kusini; kiangazi vumbi, masika tope. Chemchemi ya maji ya bluu ya Chemka iko maeneo hayohayo, na wanafunzi wote wataijua kabla yako. Amua mapema kama mtapita au hampiti, na kama hampiti, waambie mkiwa bado shuleni.

Wenye wanafunzi wa kidato cha tano na sita wajaribu Taasisi ya Nelson Mandela, NM-AIST, pale Tengeru. Ni chuo cha shahada za juu, hivyo mtakutana na watu walio katikati ya utafiti wao, na kijana wa miaka 18 anafaidika sana kumwona mtu anayesema wazi kwamba jibu bado analitafuta. Vyuo vya VETA vya Arusha na Moshi vina karakana za umeme. Kwa wanafunzi wanaofikiria ufundi, saa mbili karakanani zinatosha.

Upande wa Moshi kuna viwili vya viwango vikubwa. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, hufua umeme kwa kuchoma makapi ya miwa, na ziada huuzia gridi. Bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani, lililojengwa katika miaka ya 1960, lina mitambo ya megawati 8. Kule hawatashika kitu, ni maeneo ya kazi, lakini wanafunzi waliokwisha kuzungusha mtambo mdogo kwingine wanapata kuona ukubwa halisi. Linganisha na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Nyumba ya Mungu inaingia mle zaidi ya mara 260.

Na kama pesa hakuna kabisa, kuna viwanja vya Nane Nane vya Njiro mwanzoni mwa Agosti. Taasisi nyingi huleta majiko, sola na bayogesi mahali pamoja. Nenda siku za mwanzo. Tarehe 8 yenyewe kuna msongamano ambao hautakuruhusu kufundisha chochote.

Barua, kibali na tarehe

Barua ya kwanza iende kituoni angalau wiki sita kabla, ikiwa na mhuri wa shule na sahihi ya mkuu wa shule. Iwe fupi: idadi ya wanafunzi, wavulana na wasichana, kidato, tarehe mbili mnazopendelea, na yale maswali sita ya makundi. Hayo maswali ndiyo yatakayoitofautisha barua yako na nyingine zilizo mezani. Uliza mambo manne waziwazi: kuna ada au hakuna, wanafunzi wanaruhusiwa kugusa vifaa gani, vyoo viko vingapi, na kuna mahali pa kivuli pa kulia chakula. Siku tatu baada ya barua kufika, piga simu. Wiki moja kabla ya safari, piga tena.

Kibali cha halmashauri kinapita kwa Afisa Elimu Kata kwenda kwa Afisa Elimu wa wilaya au jiji. Ambatanisha orodha ya wanafunzi, majina ya walimu wanaoandamana nao na ratiba ya siku. Fomu za ridhaa za wazazi zitoke wakati huohuo, na ziwe na nafasi ya kuandika pumu, kifafa, mzio na namba ya simu itakayopokelewa siku hiyo.

Kuhusu tarehe: masika, kuanzia Machi hadi Mei, huharibu barabara za udongo na kuzima kila jaribio la sola. Juni na Julai wingu la asubuhi linaweza kuing'ang'ania Arusha na miteremko ya Kilimanjaro mpaka saa sita. Septemba ni ya mtihani wa darasa la saba, Novemba ni ya kidato cha pili na cha nne. Ukiyaondoa hayo, miezi inayofaa zaidi ni Februari na Agosti. Mimi huipenda Februari, jua ni kali na darasa bado halijachoka.

Gari

Hapa sitaandika kwa kupita. Mei 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafariki watoto zaidi ya 30 pamoja na walimu wao wawili na dereva. Kila mwalimu wa mkoa huu anayepanga safari anabeba kumbukumbu hiyo, na inampasa aibebe mpaka kwenye maamuzi.

Kiti kimoja, mtoto mmoja, mkanda mmoja. Wanafunzi 40, walimu wanne na mpishi hawaenei kwenye Coaster moja, hata mwenye gari akikuhakikishia kwamba watabanana vizuri. Kodi mbili au basi kubwa. Gari lililozoea ruti ya daladala linahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kutoka nje ya njia yake. Omba ukione, usikubali kuambiwa kipo. Omba pia askari wa usalama barabarani alikague gari siku moja kabla: matairi, breki, mikanda, bima. Muulize dereva alilala saa ngapi, na kama jana usiku alikuwa safarini, mwombe mwenye gari dereva mwingine.

Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Muwe mmerudi shuleni kabla ya magharibi. Barabara ya Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, lakini inapita vijiji vingi vyenye kibao cha 50, kwa hiyo panga saa mbili, na anayekupangia saa moja na robo amepanga kukimbiza watoto. Mvua kubwa ikinyesha njiani, egesheni. Kituo kitasubiri.

Pesa, na nani apande

Andika bajeti yenye vifungu hivi tu: gari, ada ya kituo, chakula na maji, posho ya dereva, vifaa vya kupimia, na akiba ya asilimia 10. Gawa kwa idadi ya wanafunzi baada ya kutoa kile shule itakachochangia. Baadaye, kabla ya kuwatangazia wazazi, tafuta nani atalipia wale wasioweza. Kila darasa lina watoto watano au sita ambao mchango wa ziara hautapatikana nyumbani, na mara nyingi ndio wanaobeba kuni mgongoni kila Jumamosi. Kuwaacha hao kwenye ziara ya nishati ni kuwaacha wenyewe wa jambo. Zungumza na bodi, na kanisa au msikiti wa jirani, na wahitimu wa shule wenye maduka mjini. Wakati mwingine kupunguza soda na kuku kunaziba pengo lote. Makande ya kubeba kwenye ndoo zenye mifuniko yanatosha.

Tenga kiti kimoja kwa ajili ya mpishi wa shule. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu. Yeye ndiye atakayelitumia jiko jipya likija, na ndiye atakayelikataa likimchosha. Ataona mara moja kwamba sufuria ni ndogo, au kwamba mlango wa kuni uko chini mno kwa mtu mwenye mgongo unaouma, mambo ambayo mwalimu wa fizikia hayaoni. Pia wanafunzi wakimwona anauliza maswali mbele ya wataalamu, heshima yake shuleni inapanda.

Siku yenyewe

Makundi matano ya watu wanane, vituo vitano vya majaribio (baiskeli, sola, maji, bayogesi na mapishi), dakika 35 kila kimoja. Mkianza saa nne mnamaliza saa saba, mnakula, saa nane mnakaa pamoja na wenyeji kwa maswali, saa tisa mnaondoka. Kila kundi liwe na mpimaji, mwandishi, mtunza saa na muulizaji, na kazi hizo zibadilishane kila wanapohama. Bila kubadilishana, mvulana mmoja ataishika multimita tangu asubuhi mpaka jioni na wasichana watakuwa waandishi. Simama hapo mwenyewe uhakikishe inahama mikono.

Mwombe mwongozaji azungumze Kiswahili na aruhusu maswali ya Kiswahili. Mtoto anayejua hasa anachotaka kuuliza asinyamaze kwa sababu ya sarufi ya Kiingereza. Majina ya kitaalamu atayaandika baadaye darasani.

Nianze na baiskeli, kwa sababu mwili unaelewa kabla ya daftari. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuhimili wati 50 hivi kwa dakika chache. Mwache awashe balbu tano za LED za wati 9: zinawaka, anapumua vizuri. Sasa mwunganishie balbu moja ya zamani ya wati 60. Haifikii mwanga wake, na miguu inaanza kuwaka moto. Mwulize angekanyaga kwa muda gani ili apate uniti moja ya LUKU. Kwa wati 50 ni saa 20 bila kupumzika, na hapo hujahesabu kinachopotea kwenye mnyororo na dinamo. Halafu mkumbushe shule hutumia uniti ngapi kwa siku. Sijapata kuona somo la matumizi bora ya umeme linaloingia haraka kuliko hili, na halihitaji hotuba.

Kwenye sola wapime kabla ya kusikiliza maelezo. Paneli inayoitwa ya volti 12 itasoma volti 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Waache washangae, wahesabu vipande vyake 36, wagundue wenyewe kwamba kila kimoja kinatoa volti 0.6 hivi. Kisha mmoja afunike kwa daftari sehemu ndogo ya paneli inayoendesha feni. Feni inalegea kupita kiasi cha kivuli chenyewe, kwa kuwa vipande vimeungwa kwa mfuatano na kilichofunikwa kinavizuia vingine. Hapo ule mti unaotia kivuli paa la shule unapata uzito wake. Kuhusu kuelekeza paneli, sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, Juni liko kaskazini, Desemba kusini. Ndiyo maana mafundi wazuri wa huku hulaza paneli karibu sawa na ardhi, wakiacha mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Jua la adhuhuri hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano kuwa umeme. Wenye swali la paa wana kila kitu cha kulijibia.

Kwenye maji, anza na ndoo. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kutoka urefu wa mita 10 ina nishati ya juli 1,960 hivi. Uniti moja inataka ndoo zaidi ya 1,800. Wanafunzi waliobeba ndoo kichwani maisha yao yote wanaipokea namba hii kwa namna ya pekee, na baada yake hawahitaji kuambiwa kwa nini mabwawa ni makubwa. Waliopima mfongo watoe namba yao: lita 30 kwa sekunde zikianguka mita 10 ni karibu kilowati 3, na mtambo mdogo ukipoteza theluthi, inabaki kama 2. Inatosha taa za bweni na kompyuta kadhaa, usiku na mchana, maadamu zamu ya maji ya wakulima haiguswi.

Kwenye bayogesi waache wachanganye wenyewe samadi na maji, ndoo kwa ndoo. Wenye kinyaa wazungushe fimbo. Kilo 25 za samadi mbichi kwa siku hutoa takriban meta moja ya ujazo ya gesi, ambayo sehemu kubwa ni methani, na jiko la kawaida la nyumbani litawaka nayo saa mbili hadi mbili na nusu. Wahesabu kama ng'ombe wa shule wanatosha. Kwa shule ya watu 400 huenda hawatoshi, na kulijua hilo mapema ni faida. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea, na mtoto wa kihamba (shamba la migomba la nyumbani) atauliza kuhusu migomba kabla hujamaliza kusema. Waelezwe pia kwamba vijidudu hupenda joto, hivyo mtambo wa juu mlimani hulegea Julai. Moto wowote uwe mbali na mtambo na mabomba. Hakuna kuchungulia kwenye shimo la kuingizia, na walimu wawe wa kwanza kutii.

Umeme wa upepo nauacha kando. Ukikuta gurudumu la upepo la kuchezea, litumie dakika tano, kisha rudini kwenye sufuria.

Kwa sababu kituo cha mapishi ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Andaa pande mbili za jaribio moja: kilo moja ya makande kwenye sufuria ya kawaida juu ya jiko banifu, na kilo moja kwenye jiko la presha la umeme lililounganishwa na kipima uniti. Viwashwe vyote kundi la kwanza likifika, na kila kundi linalofuata lisome joto, kuni zilizoongezwa na uniti zilizotumika. Katika sufuria ya wazi, maji ya Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi, ni kama 97. Punje ngumu ya mahindi inaiva polepole zaidi kwa nyuzi hizo, na hata ukirundika kuni haitazidi hapo. Kuni za ziada zinaondoa mvuke tu. Jiko la presha hufika nyuzi 110 na zaidi kwa sababu limefungwa, na kuta zake huzuia joto lisitoke. Mpishi wenu aulizwe maoni yake mbele ya wote, na chakula chenyewe kiliwe.

Mkirudi shuleni

Ndani ya siku mbili, kabla daftari hazijapotea, kila kundi lijibu maswali yake mawili kwa maandishi. Baadaye mwandike ripoti moja ya darasa, kurasa nne, kwa bodi ya shule, au kamati kama ni shule ya msingi. Serikali imekwisha kuzielekeza taasisi zinazolisha watu wengi kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa hiyo bodi ina suala hili mezani tayari. Kinachokosekana ni namba za jiko lao wenyewe, ambazo wanafunzi wako wanazo.

Ripoti ipange mapendekezo kuanzia yasiyo na gharama. Maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha. Sufuria zifunikwe. Kuni zipasuliwe na kukaushwa chini ya bati miezi kadhaa kabla ya kutumika. Hayo mpishi anaweza kuyaanza Jumatatu. Ndipo lije jiko banifu la taasisi, kisha gesi, bayogesi au majiko ya presha, kila moja likiwa na kilo za kuni zitakazookolewa kwa muhula na mapungufu yake yakisemwa waziwazi: umeme hukatika, mtungi huisha katikati ya mwezi, mtambo unataka mtu wa kuulisha kila siku. Wanafunzi wawili na mpishi waiwasilishe wenyewe kwenye kikao, na muombe tarehe ya kupewa jibu.

Nakala moja ipelekwe kituoni pamoja na barua ya shukrani na yale maswali ambayo hayakupata jibu. Muhula unaofuata, kundi la jikoni liazime mzani uleule, lipime tena kuni siku tano, kwa chakula kilekile na idadi ileile ya walaji, na matokeo yabandikwe kwenye mlango wa jiko.